Jina la mtoto lenye sauti ya ukoo: namna ya kulichagua bila kumponza mtoto

Nina kibanda cha steshenari jirani na ofisi za halmashauri hapa Dar, na kazi inayoniweka mjini siku hizi ni kuwajazia watu maombi ya vyeti vya kuzaliwa mtandaoni. Maswali ni yaleyale. "Kaka, hili jina watalikubali kweli?" "Eti nikimpa jina la ukoo wa mama yake kuna shida?" "Sawyer inaandikwaje?" Wazazi wengi wachanga wamechoshwa na Brayan na Junior za mtaa mzima. Wanataka jina zito, ambalo ukilisikia unadhani ni la ukoo, lakini lina mchezo kidogo ndani yake: Nahodha, Demani, Ulimwengu, au yale ya Kiingereza kama Parker na Carter. Wazo lenyewe nalipenda. Utekelezaji ndio huwa unatia huruma.

Kitu kimoja ukiweke akilini kabla hatujaanza. Uingereza au Marekani jina la ukoo ni moja, linashuka kutoka baba kwenda mtoto miaka nenda rudi. Sisi wengi wetu mtoto anabeba jina lake, la baba, kisha la babu. Maana yake mwanao wa kiume ukimwita Demani leo, watoto wake watakuwa fulani Demani, na wajukuu wake wataandikwa Demani mwishoni kabisa mwa majina yao. Unadhani unachagua jina la kufurahisha la kichanga kimoja, kumbe unafungua ukoo. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye jambo hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali au kituo cha afya. Kama mtoto amezaliwa nyumbani, taarifa zipitie kwa mtendaji wa eneo lako.
- Majina matatu ya baba na matatu ya mama, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa vya NIDA. Usiyaandike kwa kukumbuka.
- Mtu mzima mmoja kila upande anayezijua koo: bibi, shangazi, mjomba.
- Daftari na kalamu. Majina ya kwenye simu yanafutwa mkigombana.
- Mtoto wa darasa la nne au la tano, wa kwako au wa jirani. Huyu ndiye mkaguzi wako mkuu, utaona kwa nini.
- Kalenda. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Ukizipitisha unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na huko maelezo na vielelezo vinaongezeka.

Hatua ya 1: Anza na koo zenu wenyewe, hasa upande wa mama

Chora mti wa familia, babu na bibi wa pande zote, na andika kila jina la mwisho unalolipata. Usirukie Kizungu kabla ya hapa. Kwa mfumo wetu wa jina, baba na babu, ukoo wa mama hufutika kabisa kwenye karatasi. Kuuweka kwenye jina la kwanza la mtoto ni njia moja ya kuuokoa. Na si jambo geni duniani. Rais Franklin Delano Roosevelt wa Marekani, hilo Delano ni ukoo wa mama yake. Mhandisi Mwingereza Isambard Kingdom Brunel, aliyezaliwa 1806, Kingdom ni ukoo wa mama yake vilevile. Kwa hiyo binti wa Kisambaa aliyeolewa na Mushi akitaka mwanawe aitwe Shekilango Mushi, hajavunja kitu. Sauti ni nzuri, na kila mtu Dar anajua kuitamka kwa sababu ya ile barabara ya Sinza.

Sikiliza miundo. Wasambaa wana She- zao, Wanyakyusa wana Mwa- zao. Wangoni wana koo za wanyama: Tembo ndiye huyohuyo mnyama, Nyoni ni ndege, Mapunda unamsikia punda mwenyewe. Kwa Wahaya angalia jinsia: jina linaloanza na Rwe- ni la kiume na Koku- ni la kike. Ukimwandika binti Rwegasira kwa sababu limekupendeza, Mhaya wa kwanza atakayemkuta ofisini atauliza.

Tahadhari: omba ruhusa. Jina la ukoo lina wenyewe, na kuna koo ambazo jina ndilo linalowaambia vijana nani ni ndugu asiyeoleka. Dada mmoja alimpigia mjomba wake akiwa mbele ya meza yangu, simu ikiwa sauti ya juu:

"Shikamoo mjomba. Nataka mtoto aitwe jina letu."

"Marahaba mwanangu. Jina letu lipi, la nani?"

"La ukoo, mjomba. Liwe la kwanza."

Kimya kidogo. "La kwanza? Sasa babu yako akiitwa huko aliko, aitike yeye au aitike mtoto?"

Alicheka mwenyewe, kisha akakubali kwa sharti kwamba mtoto apelekwe nyumbani akaonekane. Simu hiyo ilimaliza kazi ambayo ingekuja kuwa kikao cha familia.

Hatua ya 2: Panua wavu

Ukikosa kwenye koo, majina yenye sauti hii unayapata kwenye kazi za watu, bahari, mitaa na mpira.

Kazi na vyeo vya zamani ndiyo hazina ninayoipenda zaidi. Nusu ya majina ya Kiingereza mnayoyatamani ni kazi tu: Carter ni mwendesha mikokoteni, Cooper ni mtengeneza mapipa, Mason ni mwashi, Sawyer ni mpasua mbao, Thatcher ni mwezeka nyasi, Fletcher ni fundi wa mishale. Basi na sisi tunazo. Nahodha, ambalo tayari ni jina la ukoo huko Zanzibar. Malenga, bingwa wa kutunga. Manju, kiongozi wa ngoma. Sogora, mpigaji ngoma hodari. Mhunzi. Jumbe. Pazi, cheo cha wakuu wa Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Kwa Wapare, Mshana ni ukoo unaojulikana kwa uhunzi. Mimi ningekuwa na mtoto mwingine angeitwa Sogora, ila mwenzangu kashasema hapana.

Baharini kuna Kusi, Kaskazi na Matlai kwa upande wa pepo, na Demani, majira ya mwisho wa kusi. Haya yanafaa mtoto wa kike na wa kiume.

Mpira na redio vimetuzoesha majina ambayo ukiyatazama vizuri ni vituko vitupu: Zamoyoni Mogella, Juma Pondamali, Athumani Mambosasa, Mwinyi Kazimoto, Thomas Ulimwengu. Kuna mwandishi wa habari anaitwa Jenerali Ulimwengu, na hakuna anayeshtuka. Baba yake Shaaban Robert alitoka kwenye ukoo wa Ufukwe. Nawatajia hawa wateja wanaodhani jina la Kiswahili ni lazima liwe Neema, Baraka au Furaha. Neno la kawaida likikaa mahali pa ukoo linavaa koti.

Mitaani, chagua kwa akili. Vituo vya mwendokasi vya Barabara ya Morogoro vina Shekilango na Kimara, lakini vina Tip Top na Fire pia.

Ya Kizungu yenye sauti ya ukoo tunayo siku nyingi, tumeyazoea tu mpaka hatuyaoni: Wilson, Jackson, Nelson, Anderson. Hiyo -son ni "mwana wa". Harrison Mwakyembe, Livingstone Lusinde, Freeman Mbowe aliyezaliwa 1961, mwaka wa uhuru. Wote majina yao ya kwanza ni koo za watu huko Uingereza na Scotland. Ukitaka la kipekee kweli upande huo, itabidi uende mbali na hapo.

Hatua ya 3: Chimba maana mpaka mzizi

Usiridhike na "linamaanisha mshindi" ulilolikuta kwenye orodha ya mtandaoni. Orodha hizo kila jina ni mshindi au zawadi ya Mungu. Cameron ni la Kiskoti cha kale, maana yake pua iliyopinda. Campbell ni mdomo uliopinda. Calvin, ambalo Dar limejaa, linatokana na neno la upara. Hakuna ubaya: gavana wa Uingereza hapa Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931 alikuwa Donald Cameron na pua yake haikumzuia kutawala. Ila ujue mapema, usije ukaambiwa na mtoto mwenyewe akiwa kidato cha pili.

Hatua ya 4: Lipitishe kwenye mdomo wa Dar

Hapa ndipo majina mengi ya Kiingereza yanapofia. Jina halitaishi kwenye karatasi, litaishi midomoni mwa bibi, kondakta, mwalimu na mpiga chapa. Herufi R ya mwisho hatuitamki, na irabu tunaziweka tunavyojua sisi. Matokeo yake ni haya:

- Parker anakuwa Paka.
- Carter anakuwa Kata, sasa sijui ya kuchotea maji au ya mtendaji.
- Archer anakuwa Acha. Fikiria mama anamwita: "Acha! Acha wewe!" Na mtoto anakuja mbio.
- Tucker anakuwa Taka.
- Sawyer anakuwa Soya.
- Barker tusiiguse kabisa.

Jaribio ni rahisi. Andika jina kwenye karatasi, mpe mtu asiyelijua alisome kwa sauti. Kisha ulitamke wewe, mwingine aliandike. Kama lililorudi silo lililotoka, utalisahihisha kila unapofika kaunta, na baadaye mwanao atalisahihisha mpaka uzeeni. Sogora, Demani na Nahodha yanapita jaribio hili bila kutoa jasho.

Mkaguzi wako wa darasa la nne anaingia hapa. Mwambie, "Darasani kwenu kuna mtoto mgeni anaitwa hivi." Nyamaza, msikilize. Ndani ya nusu dakika atakuwa ameshapata vina na kejeli zote ambazo wewe usingezipata kwa mwezi. Nilishuhudia mkaguzi mmoja wa namna hiyo akitajiwa jina Boya, ambalo baba mtu alilipenda kwa ajili ya bahari. Mtoto hakujibu, alianguka chini kwa kicheko. Baba alikuwa hajui kwamba mtaani boya ni mtu asiyejielewa. Alikunja karatasi akaiweka mfukoni.

Hatua ya 5: Livae wewe mwenyewe

Watu husahau kwamba jina la mtoto wa kwanza linakuwa la wazazi. Kuanzia siku unayotoka hospitali, sokoni, kwenye kikoba na msikitini wewe ni Mama Fulani au Baba Fulani. Simama mlangoni, mwambie jirani akuite kwa sauti: "Mama Ulimwengu!" "Baba Kaskazi!" "Mama Pondamali, mkaa umefika!" Ukisikia aibu kugeuka, hilo silo jina lako, na kama silo lako usimtwike mtoto. Wengi wanakwama hapa kuliko hatua nyingine yoyote, na ni vizuri wakwame hapa.

Hatua ya 6: Liweke pamoja na mengine mawili

Jina lenye sauti ya ukoo likisimama mbele ya majina mengine yenye sauti ya ukoo linazaa mchanganyiko. Nahodha Mapunda Tembo: yupi ni mtoto, yupi ni baba, yupi ni babu? Karani akiwa amechoka atayageuza. Kama baba na babu wana majina mazito ya kikoo, jina la kwanza lifanye jepesi. Kama ni Juma na Hamisi, hapo una nafasi ya kucheza. Ufukwe Juma Hamisi linakaa vizuri.

Soma herufi za mwanzo. Ufukwe Thabiti Issa ni jina zuri mpaka siku mtu atakapoandika U.T.I. kwenye daftari la mahudhurio.

Kisha rudi kwenye lile jambo la mwanzo. Chukua majina ya watoto wa kawaida, yaandike na jina lako jipya mwishoni: Neema Petro Mambosasa, Amina Yusufu Matlai, Daktari Rehema Saidi Sogora. Likikaa vizuri mwisho, umefaulu. Kama lina maana ya tukio la mwaka huu tu, mchezaji anayevuma au msemo wa kwenye simu, wajukuu watabeba kitu wasichokijua.

Hatua ya 7: Dini na wazee

Waislamu wengi hutoa jina siku ya akika, siku ya saba, kwa hiyo mazungumzo na shehe au ustadhi yafanyike kabla ya hapo. Majina yanayomhusu Mwenyezi Mungu pekee hayapewi mtu bila Abdul mbele. Kanisa Katoliki sheria yake, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Malenga au Demani halina tatizo hapo, lakini paroko wako anaweza kuomba na la mtakatifu. Mpe. Cha muhimu uamue mapema lipi litaingia kwenye cheti.

Hatua ya 8: Tahajia, kisha usajili

Amua tahajia moja leo. Liandike kwa herufi kubwa, lisome herufi moja moja na mwenzako, lipigeni picha. Tahajia za kujipamba, kama kuweka H au Y pasipohusika, ndizo zinazoniletea wateja waliokasirika.

Mwambie muuguzi mapema kama jina bado, asije akaandika la kubahatisha kwenye kadi ya kliniki, maana likishaandikwa linaanza kusafiri. Ombi la cheti linawasilishwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ama ofisi ya wilaya au kwa mfumo wao wa mtandaoni. Kabla sijabonyeza kutuma huwa namgeuzia mzazi kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Ukijaziwa na mtu, mdai hilo.

Cheti hicho ndicho kitakachodaiwa kuandikisha shule, kuomba mkopo wa chuo, kuchukua pasipoti na kupata namba ya NIDA akifika miaka 18, na namba hiyo ndiyo inayosajili laini ya simu. Hata akitumiwa pesa, jina lake ndilo linalotokea kwa anayetuma. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha shule na cha kuzaliwa inatosha kumzungusha kijana kwa mawakili akitafuta viapo.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Baba hataki, mama hataki kuacha.* Msipige kura. Kila mmoja aandike majina matatu kwenye daftari bila kuonana, myapitishe yote kwenye hatua ya 4 na ya 5. Mara nyingi linalobaki ni la nne, lililozaliwa kwenye ubishi.

*Bibi amekataa na anamwita mtoto jina lake.* Mwache. Jina la nyumbani na jina la cheti yamekaa pamoja miaka yote pwani hii. Hakikisha tu bibi siye anayempeleka kliniki na kadi.

*Cheti kimetoka na herufi zimekosewa.* Usikae nacho ukisema utarekebisha akianza shule. Rudi ofisi iliyokitoa, ukiwa na tangazo la kizazi halisi na vitambulisho vya wazazi. Kosa la kuandika hurekebishwa. Kubadili jina kabisa ni safari nyingine, ya wakili na hati ya kisheria.

*Jirani amelichukua jina lako kabla hujajifungua.* Inatokea zaidi kuliko unavyodhani, hasa kwenye nyumba za kupanga. Usitangaze jina kabla ya kujifungua, na kama limeshaibwa, tumia la pili kwenye daftari.

*Mtoto ameanza kutaniwa shuleni.* Muulize wanamwitaje hasa. Utani wa kawaida hupita akipata la kujibu, kwa hiyo mfundishe hadithi ya jina lake kwa sentensi mbili: "Sogora ni bingwa wa ngoma, babu yangu alikuwa anapiga." Kama ni tusi na halipoi, atumie jina la ubatizo au la nyumbani darasani, lakini karatasi za mtihani zibaki na la cheti.

*Jina ulilompa ni la mtu maarufu, na huyo mtu ameharibu.* Kama uliliandika kwa maana yake, endelea na maana. Kama uliliandika kwa ajili yake tu, na cheti bado hakijatoka, njoo nalo tubadilishe leo kabla sijafunga.